Yeshimebet na Mwaka Uliozidi

Wahabeshi wa Winnipeg walipotaka kujua walizaliwa lini kwa kalenda ya wazungu, hawakuhangaika na kompyuta. Walimngoja Yeshimebet Alemayehu amalize kuosha vikombe katika ukumbi wa chini wa kanisa, Jumapili mchana, kisha wakamtajia siku, mwezi na mwaka wa nyumbani. Yeshimebet alifuta mikono kwa aproni, akaangalia dari kidogo, akataja tarehe ya wazungu kama mtu anayetaja jina la mwanawe. Hakuhitaji karatasi.

Mwaka mmoja Mzee Shiferaw, katibu wa kanisa, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni siku zote, alijitia kuhesabu mwenyewe. Alizaliwa mwezi wa Tikimt, unaoangukia Oktoba ya wazungu, mwaka 1945 wa kwao. Akaongeza minane, akajiandika 1953 kwenye fomu za pensheni.

"Mzee, umejipunguzia mwaka," Yeshimebet alimwambia mbele ya watu. "Pensheni itakuja mwakani. Mwaka huu utakula kalamu zako."

"Si kila mtu anaongeza nane?"

"Anaongeza nane asiyeangalia mwezi. Mwaka wetu unaanza Septemba, wao wanaanza Januari. Aliyezaliwa kati ya Septemba na Desemba, ongeza saba. Wa Januari mpaka mwaka wetu uishe, ongeza nane. Mtoto wa darasa la pili anaweza."

Watu wakacheka hadi sambusa zikapoa. Mzee Shiferaw alikunja fomu zake taratibu, akaondoka. Si mtu wa kugombana, lakini si mtu wa kusahau pia.

Ndivyo alivyokuwa Yeshimebet. Alikuwa akiendesha basi la shule, lile la manjano, mwaka wa kumi na moja sasa. Aliamka saa kumi alfajiri, akaliwasha basi katika baridi inayopasua midomo, na kabla ya saa mbili watoto arobaini na wawili walikuwa wamefika madarasani. Hakuwahi kumsahau mtoto kituoni wala kugonga hata pipa la taka. Wenzake walipolalamika kuhusu barafu, aliwaambia barafu haina kosa, kosa ni la mguu unaokanyaga breki. Alipenda kuwa sahihi kama wengine wanavyopenda sukari.

Jambo moja tu katika maisha yake lilikuwa halijanyooka, nalo lilikuwa binti yake.

Alimwacha Fikirte kwa mdogo wake Zenebech, mjini Debre Tabor, mtoto akiwa na miaka sita. Yeye akaenda Khartoum kufanya kazi za nyumbani, na kutoka Khartoum kanisa moja likamdhamini kuja Kanada. Alipotaka kumleta mtoto, baba yake, dereva wa lori aliyekuwa na familia nyingine Bahir Dar, alikataa kutia saini ya kumruhusu. Miaka ikapita hivyo. Fikirte alipotimiza kumi na minane saini ya baba haikuhitajika tena, lakini foleni ya pasipoti nayo ilikula miaka yake. Ombi likafika ofisi ya uhamiaji tarehe kumi na nane Novemba, mwaka 2024.

Yeshimebet aliijua sheria kwa moyo. Mzazi anaweza kumdhamini mtoto asiye na mume, ambaye hajafikisha miaka ishirini na miwili siku ombi linapopokelewa. Siku hiyo umri unagandishwa. Ofisi ikikaa na faili miaka mitatu, mtoto habadiliki. Fikirte alizaliwa tarehe ishirini Januari 2003. Siku ombi lilipopokelewa alikuwa na miaka ishirini na mmoja na miezi kumi. Imebaki miezi miwili, lakini imebaki.

"Nimepita taa ikiwa ya njano," Yeshimebet aliwaambia madereva wenzake. "Lakini nimepita."

Mapema Juni, wiki chache kabla ya shule kufungwa, barua ikaja kwenye simu. Aliisoma ndani ya basi tupu, mbele ya shule. Ofisa aliandika kwa adabu. Katika fomu uliyoijaza Khartoum mwaka 2011, ulisema binti yako alizaliwa tarehe 20 Januari 2002. Pasipoti yake inasema 20 Januari 2003. Kwa tarehe uliyotupa wewe mwenyewe, siku ombi lilipopokelewa alikuwa ameshatimiza miaka ishirini na miwili, na hastahili kuhesabiwa mtoto. Tuna shaka kwamba tarehe ya pasipoti imebadilishwa ili aingie. Una siku thelathini za kujieleza. Chini walikuwa wameambatisha picha ya fomu ile.

Alisoma tena. Alijua maana yake bila kuambiwa na wakili. Ombi hili likikataliwa hakuna lingine, kwa sababu Fikirte sasa alikuwa ameshapita miaka ishirini na miwili kwelikweli. Mlango ukifungwa, umefungwa.

Jioni alikwenda kwa Mulunesh. Huyu walikuwa wamelala naye chumba kimoja Khartoum, wakavuka bahari mwaka mmoja, na sasa waliishi mitaa miwili mbali. Mulunesh alikuwa ameshakaanga kahawa na bakuli la bisi liko mezani. Alisikiliza mpaka mwisho, akamimina kikombe cha kwanza.

"Shoga yangu, hii ni rahisi. Sema ni karani wa Khartoum aliyekosea."

"Karani gani?"

"Karani yeyote. Khartoum ilijaa makarani. Nani atakwenda kumtafuta leo?"

Yeshimebet alimsogezea simu. "Angalia mwandiko."

Mulunesh aliivuta picha ikawa kubwa. Zile tarakimu za saba zenye mstari katikati, ile herufi ya kwanza inayopinda kama mkia wa paka. Akairudisha simu mezani. Khartoum nzima, kati ya wanawake wa nyumba yao, aliyekuwa amesoma mpaka kidato cha nne alikuwa mmoja tu.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Mwalimu wangu alinifundisha kwamba mimi ni wa Hidar, mwaka 1970, kwa hiyo niongeze saba, nipate Novemba 1977. Ni sawa kabisa. Nikadhani saba ni ya kila mtu. Fikirte ni wa Tir, mwezi wa Januari, mwaka wetu 1995. Nikaongeza saba. Ilitakiwa nane." Alikunywa kahawa bila kupuliza. "Hiyo ya nane niliijua hapa, baada ya kuona kalenda ya kanisa yenye tarehe mbili. Kuanzia siku ile nimewahesabia watu wote wa mji huu. Fomu ile sikuirudia hata siku moja. Sikufikiri kwamba naweza kuwa nimekosea."

Mulunesh alikuwa ameacha kumimina.

"Dada Yeshi. Fomu zangu aliandika nani?"

Yeshimebet aliweka kikombe chini.

"Natnael wangu ni wa Ginbot."

"Wa Ginbot, tisini na saba," Yeshimebet alisema. Macho yalikwenda darini yenyewe. "Mei, 2005. Niliandika 2004."

Mulunesh aliweka birika chini polepole. "Tumefika hapa wakamtia darasa la watoto wanaomzidi mwaka. Miaka minne nimempeleka kwa daktari kumuuliza mbona mwanangu hakui. Daktari ananiambia, mama, subiri mwaka mmoja tu."

"Daktari alisema kweli."

"Nimempa mafuta ya samaki yule mtoto. Nimempa maziwa mpaka akaota chunusi." Alijaribu kukasirika, lakini mabega yalianza kumtikisika, na mara wote wawili walikuwa wanacheka huku wamejishika mbavu. Kicheko kilipokwisha, Yeshimebet alifuta macho.

"Karatasi zako ziache zilivyo mpaka umwone wakili," alisema. "Nisije nikakuharibia mara ya pili. Lakini mimi sitasema karani. Nikidanganya kuhusu mwandiko wangu, kwa nini waniamini kuhusu mwaka?"

Mulunesh alimmiminia kikombe cha pili. "Basi utawaonyesha nini?"

Hilo lilikuwa swali. Alimpigia Fikirte asubuhi ya pili, saa ya mapumziko.

"Nani aliandika 2002?" Fikirte aliuliza.

"Mimi."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa pikipiki, kisha mlango ukafungwa. Binti alikuwa anafanya kazi katika duka la dawa, na alikuwa ameingia stoo.

"Wewe, mama?"

"Mimi. Usinisaidie kuliita kosa hili jina jingine."

"Darasa la tatu ulinikaripia kwa simu kwa sababu nilikosea kuzidisha kwa saba."

"Nakumbuka. Ulisema saba mara nane ni hamsini na nne."

"Sasa na mimi nikukaripie?"

"Ukifika hapa utanikaripia mpaka uchoke. Kwanza nenda na mama yako mdogo kwenye kanisa la Mikael. Ulibatizwa siku ya themanini kama wasichana wote, na padri aliandika. Nataka ukurasa ule, na muhuri."

Haikuwa kazi ya siku moja. Daftari la ubatizo lilifungiwa kwenye hazina, ufunguo alikuwa nao padri mkuu, naye padri mkuu alikuwa amekwenda kuzika kijijini. Aliporudi alisema ni siku za mfungo, wamwachie kwanza. Zenebech, ambaye hana haya, alikaa mlangoni kwake na kapu la sufi anasokota uzi, siku tatu mfululizo, mpaka padri akaona heri ampe. Picha ya ukurasa ilifika Winnipeg siku ya kumi na saba kati ya zile thelathini.

Wino ulikuwa umefifia lakini ulisomeka, na Fikirte alitajwa kwa jina lake la ubatizo. Walatta Mikael, binti wa Yeshimebet. Amezaliwa Tir 12, Jumatatu. Amebatizwa Miyazya 1, Jumatano. Mwaka 1995, mwaka wa Luka katika zamu ya wainjilisti wanne.

Yeshimebet aliisoma na siku ile ikamrudia nzima. Sikukuu ya Ubatizo ilikuwa jana yake. Masanduku matakatifu ya makanisa mengine yalikuwa yamesharudi kutoka mtoni, lile la Mikael ndilo linalorudi mwisho, tarehe kumi na mbili. Lilipita mbele ya nyumba na ngoma zake wakati mkunga anakata kitovu. Lakini ofisa hangeweza kusikia ngoma. Ofisa angeona mwezi uitwao Tir na mwaka 1995. Akiuchukua kama ulivyo, Fikirte angekuwa mwanamke wa miaka thelathini. Na akielezwa hesabu, angesema: hesabu hii ndiyo uliyoikosea wewe mwenyewe mwaka 2011, nitajuaje kwamba leo hujaikosea kwa makusudi?

Jumamosi na Jumapili alizunguka nyumbani akilifikiria hilo. Siku ya tatu ilikuwa Jumatatu. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza, aliyekuwa amesahau begi, alipanda analia kwamba alidhani bado Jumapili.

"Jumatatu ni Jumatatu, baba," Yeshimebet alimwambia, akimfunga mkanda. "Hata bibi yako aliko, leo ni Jumatatu."

Alirudi kwenye usukani, akakaa. Gari la nyuma lilipiga honi mara mbili kabla hajaondoka.

Miezi inatofautiana. Miaka inatofautiana. Lakini wiki ni moja dunia nzima. Hakuna kalenda iliyowahi kuisogeza. Alipowashusha watoto wote alitoa simu, akafungua kalenda, akarudi nyuma mpaka Januari 2002. Tarehe ishirini: Jumapili. Akasogea mpaka Januari 2003. Tarehe ishirini: Jumatatu. Akatafuta Miyazya 1, ambayo ni Aprili tisa. Mwaka 2002, Jumanne. Mwaka 2003, Jumatano.

Padri aliyekuwa na wino mbaya, miaka ishirini na miwili iliyopita, alikuwa ameandika Jumatatu na Jumatano. Siku zote mbili zilikataa mwaka 2002. Na ofisa hakuhitaji kumwamini Yeshimebet wala Mikael. Angefungua tu kalenda ya simu yake.

Kilichobaki ni barua ya kanisa, yenye muhuri, inayoeleza kalenda ya Kihabeshi na kuthibitisha tafsiri ya ukurasa. Muhuri ulikaa kwenye droo ya katibu.

Alimkuta Mzee Shiferaw ukumbini, anapanga viti. Yeshimebet alisimama mbele yake na karatasi zake, mbele ya wanawake wote waliokuwa wanaosha vyombo. Angeweza kungoja watoke. Hakungoja.

"Mzee, nina kosa na nina haja. Kosa ni kwamba niliongeza saba mahali pa nane, kwa binti yangu mwenyewe. Haja ni barua."

Mzee alivaa miwani. Alisoma fomu ya Khartoum, akasoma ukurasa wa padri, akarudia fomu. Wanawake walikuwa wameacha kuosha.

"Wa Tir," alisema.

"Wa Tir."

"Na ukaongeza saba."

"Saba."

"Hii," alisema Mzee Shiferaw, "mtoto wa darasa la pili anaweza."

Mmoja wa wanawake alikohoa ndani ya taulo. Yeshimebet alisimama wima. "Anaweza. Mimi nilikuwa wa kidato cha nne, ndiyo maana."

Mzee alimtazama juu ya miwani, kisha uso wake ukalegea. "Miaka minane nimeingoja siku hii, dada. Nilidhani itakuwa tamu zaidi." Akavuta kiti. "Kaa. Hizi siku za wiki, umezigundua mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na mtoto mmoja mvivu."

"Ni kazi nzuri. Nitaziweka kwenye aya yake peke yake, ofisa asije akazipita." Alitoa kalamu zote mbili mfukoni, akajaribu kila moja kwenye kiganja, akachagua nyeusi.

Barua ya Yeshimebet mwenyewe ilikuwa fupi. Aliiandika mara moja, hakuikata mahali, akaapa mbele ya wakili wa viapo kwamba ni kweli. Fomu ya Khartoum niliiandika kwa mkono wangu, hakuna karani. Nilijua kuongeza saba tu. Angalieni fomu hiyohiyo, tarehe yangu: mimi ni wa Hidar, nikaongeza saba, ikawa sahihi. Binti yangu ni wa Tir, nikaongeza saba vilevile, nikamzidishia mwaka. Mwaka 2011 sikuwa na sababu ya kumzeesha mtoto ninayetaka kumleta. Padri aliandika siku za wiki. Tafadhali fungueni kalenda.

Siku ya ishirini na tano, wakati anaambatisha hati, mlango uligongwa. Mulunesh aliingia na bahasha, hajavua hata viatu.

"Nimemwona wakili," alisema. "Amesema kosa la kweli likisemwa mapema si jinai. Hii ni fomu yangu ya Khartoum, na kadi ya kliniki ya Natnael, na kiapo changu. Mwandiko uleule, mwaka uleule, kosa lilelile. Watajua ni ugonjwa wako, si ujanja."

"Sikukuomba."

"Ungeniomba lini, wewe? Weka ndani."

Alizituma zote siku ya ishirini na sita, akaenda kulala, akalala usingizi mzuri. Watu walipomuuliza kama ana wasiwasi, aliwaambia wasiwasi ni wa mtu ambaye hajamaliza kuhesabu. Hata hivyo Julai na Agosti ni miezi mirefu kwa dereva wa basi la shule; hakuna watoto, hakuna ratiba. Alipaka rangi jiko. Alimhesabia tarehe mwanamke mmoja mgeni kutoka Addis, na kabla ya kutaja jibu alikwenda ukutani, akafunua kalenda, akahakikisha. Mwanamke yule hakuona ajabu, maana hakumjua alivyokuwa zamani.

Jibu lilikuja wiki ya mwisho ya Septemba, saa tatu asubuhi, mbele ya shule, injini imezimwa. Ofisa, kwa adabu ileile, aliandika kwamba amepitia maelezo na vielelezo, kwamba amelinganisha siku za wiki, na kwamba ameridhika kuwa siku ombi lilipopokelewa Fikirte alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Anahesabiwa mtoto wa mdhamini. Sasa aende kupimwa afya.

Kwao ilikuwa jioni. Fikirte aliitika kwa sauti ya mtu anayefunga duka.

"Wamekubali," Yeshimebet alisema.

"Wamekubali nini?"

"Kwamba ulizaliwa siku uliyozaliwa."

Binti alimaliza kushusha mlango wa duka. Kisha akasema, na sauti ilikuwa nyembamba, "Nije na nini?"

"Njoo na pilipili ya Zenebech, kilo mbili, na koti usinunue, huko hakuna koti la kutosha huku. Kwa daktari nenda wiki hii hii. Na mtu akikutania habari ya ndoa kabla hujatua hapa, mwambie mama yako hataki utani; ukiolewa leo, faili lote limekufa. Ukishatua, olewa na yeyote umtakaye."

"Hakuna mtu, mama."

"Vizuri. Na akiwepo, asubiri."

"Nimesema hakuna."

"Nimesikia. Sauti yako ndiyo inayosema vingine."

Fikirte alicheka, mara ya kwanza tangu Juni, na Yeshimebet aliiweka simu kwenye spika juu ya dashibodi ili aisikie vizuri, akachukua ufagio, akaanza kufagia basi kutoka viti vya nyuma kuja mbele, huku binti yake akimtajia, moja baada ya nyingine, nguo alizonazo.